Friwili Iliyogoma: Jinsi ya Kuifungua Pasipo Kuliharibu Gurudumu

Ndugu msomaji, yamkini nyumbani kwako, nyuma ya mlango au ubavuni mwa banda la kuku, limeegemezwa gurudumu la nyuma la baiskeli ambalo halijatembea kwa miezi kadhaa. Spoku mbili au tatu zimekatika, tairi limelala, na kutu imeanza kulitafuna. Fundi alikwisha kulitazama, akalizungusha, akatikisa kichwa, akasema: "Mama, friwili imegoma. Hii haitoki. Heri mnunue gurudumu zima." Nawe ukalirudisha nyumbani, kwa kuwa fedha ya gurudumu zima ilikuwa imekwisha kupangiwa daftari za watoto na unga.

Nia ya makala haya ni kukuonyesha kwamba, katika hali nyingi, friwili hiyo hutoka. Kinachotakiwa ni kuelewa kwanza imefungwaje, kisha kufuata njia yake ya kufunguka. Anayeishambulia kwa nyundo kabla ya kuielewa hulipa mara mbili: friwili, na habu pia.

Katika kata ya Simbo, wilayani Kigoma, jambo hili si dogo. Huko baiskeli ni gari la mizigo la kaya. Mawese yanayokamuliwa kutokana na michikichi hupakiwa katika madumu, moja kulia, jingine kushoto, na mara nyingine la tatu juu ya kerea, yakateremshwa kuelekea Ujiji na Kigoma mjini. Yakirudi huko huwa ni dagaa, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Madumu mawili ya lita ishirini yakijaa mawese hukaribia uzito wa kilo arobaini, kabla hatujamhesabu dereva mwenyewe. Uzito wote huo hulalia gurudumu la nyuma. Ndiyo maana waundaji wa baiskeli kubwa za kazi, tangu zama za Raleigh ya Uingereza hadi Phoenix ya China na Hero ya India, walizoea kuipa ringi ya mbele spoku 32 na ile ya nyuma spoku 40. Pikipiki zimeingia kila kijiji, hilo halina ubishi, lakini pikipiki haiendi bila petroli, na kaya isiyo na fedha ya petroli bado hutegemea miguu miwili na cheni moja.

Basi friwili ni nini? Ni lile gurudumu dogo la chuma lenye meno, lililo upande wa kulia wa habu ya nyuma, ambalo cheni hulizunguka. Ukikanyaga pedeli kwenda mbele, hushika na kulivuta gurudumu. Ukiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka peke yake huku friwili ikilia tik, tik, tik. Kazi hiyo hufanywa na vilimi viwili vidogo vya chuma vilivyofichwa ndani yake, ambavyo husukumwa nje na springi nyembamba mno. Upande mmoja vilimi hujikita katika mapengo yaliyochongwa ndani ya duara la meno. Upande wa pili huteleza juu yake. Mlio ule ni sauti ya vilimi vikiruka pengo hadi pengo.

Baiskeli hazikuzaliwa na kifaa hiki. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa mjini Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na cheni ya kuvuta nyuma, pedeli zilizunguka maadamu gurudumu linazunguka. Penye mteremko mkali mpanda baiskeli alilazimika ama kuzikimbiza pedeli kwa kasi ya kutisha, ama kunyanyua miguu juu na kumwomba Mungu. Mtu anayeijua miteremko ya kuelekea Ziwa Tanganyika ataelewa mara moja kwa nini friwili ilienea upesi mwanzoni mwa karne iliyofuata. Hata kampuni ya Shimano ya Japani, ambayo leo jina lake limeandikwa katika baiskeli za mashindano duniani kote, ilipoanzishwa mjini Sakai mwaka 1921 ilianza kwa kuunda kitu hiki hiki kinachotusumbua hapa: friwili.

KWA NINI HUGOMA

Friwili haikupigiliwa misumari wala haikuchomelewa. Imefungwa kwa hesi juu ya habu, kama kifuniko juu ya chupa. Hesi zenyewe ni za kawaida, za kufungia kulia. Katika baiskeli nyingi zenye asili ya Kiingereza, Kihindi au Kichina, upana wake hukaribia milimita 35, nazo ni hesi 24 katika kila inchi, yaani nyembamba kiasi cha milimita moja tu kutoka moja hadi nyingine. Hesi nyembamba namna hiyo hukaza sana.

Sasa zingatia jambo hili, kwani ndilo kiini cha taabu yote. Kila mara mpanda baiskeli anapokanyaga pedeli, cheni huivuta friwili katika upande ule ule wa kuikaza. Kijana aliyepanda mlima na madumu mawili, akasimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, ameikaza friwili ile kwa nguvu ambayo hakuna fundi ambaye angeitumia kwa mkono. Rudia hayo kila siku kwa miaka kumi, ongeza maji ya mvua na matope ya masika yaliyopenya na kuota kutu katikati ya hesi, nawe utaelewa kwa nini haikubali kutoka kwa kubembelezwa.

Tena ina ujanja mwingine. Ukiyashika meno yake na kuyazungusha kwa nguvu upande wa kufungua, hayafungui kitu. Hulia tik, tik, tik na kuzunguka bure, maana huo ndio upande wa kuteleza kwa vilimi. Ukiyazungusha upande wa pili hushika barabara, lakini huo ndio upande wa kukaza. Kwa hiyo kuyashika meno kwa koleo, au kuyagonga kwa tindo, hakuna faida yoyote isipokuwa kuyavunja. Inayopaswa kushikwa ni sehemu ya ndani, ile iliyofungwa juu ya habu, nayo imejificha katikati, kuzunguka ekseli.

JE, NI LAZIMA KUIFUNGUA?

Kabla ya kuingia vitani, jiulize kama kuna vita. Watu wengi huamua kubadili friwili kwa sababu "inakula hewa", yaani ukikanyaga pedeli haishiki. Mara nyingi sana kosa si la friwili kuchakaa. Ni mafuta mazito yaliyochanganyika na vumbi yakawa kama lami, vilimi vikanasa ndani visiweze kuinuka. Lilaze gurudumu ubavu, friwili ikitazama juu. Tia mafuta ya taa kidogo kidogo katika ule ufa mwembamba ulio kati ya sehemu inayozunguka na ile isiyozunguka, huku ukiizungusha. Maji meusi yatatoka upande wa chini. Rudia mpaka yatoke meupe, acha yakauke, kisha tia matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani au ya injini. Ikirudi kulia vizuri na kushika, umeokoa fedha yako, nawe waweza kuliacha gazeti hili na kuendelea na shughuli nyingine.

Zipo hata hivyo sababu za haki. Ya kwanza ni meno yaliyolika yakachongoka kama ya mamba, hata cheni mpya ikawa inaruka juu yake. Ya pili ni vilimi au springi kuvunjika. Wengine, vikivunjika, huifunga friwili na spoku kwa waya au kwa vipande vya mpira wa tyubu ili isizunguke bure. Hiyo yaweza kukufikisha nyumbani siku moja. Kuifanya kuwa desturi ni kuziua spoku, kwani hazikuundwa kuvutwa kwa namna hiyo.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kwa wabeba mizigo, ni spoku kukatika upande wa kulia. Huko vichwa vya spoku vimefichwa nyuma ya friwili, na mara nyingi spoku mpya haipiti mpaka friwili iondoke njiani. Kwa uvivu, au kwa kukosa kifaa, baadhi ya mafundi hukata kichwa cha spoku, wakaikunja ncha kama ndoana na kuinasa katika tundu. Si dhambi kwa safari ya dharura. Lakini chini ya madumu ndoana hiyo hunyooka. Na spoku moja inapokosekana, zile za jirani hubeba mzigo wake, nazo hukatika kwa zamu. Ringi huanza kuyumba, hugusa breki, na mwishoni hujikunja kama kaimati katikati ya njia. Mawese yaliyomwagika hayazoleki.

USIKATE SPOKU KWANZA

Hapa nataka kuzungumza kwa mkazo, ndugu msomaji, kwa kuwa kosa hili linatendwa kila mahali, na hata na watu wanaojiita mafundi. Ringi imepinda isiweze kunyooka. Mwenye gurudumu anaamua: ringi itupwe, habu na friwili zitumike katika gurudumu jingine. Anachukua koleo, anakata spoku zote arobaini, anabaki na habu mkononi. Ndipo anapokumbuka kuifungua friwili. Ataishika habu kwa nini? Ni duara laini, dogo kama gunzi la muhindi, lisilo na mahali pa kukamata. Akiibana katika jiliwa huipindisha sahani yake ya matundu. Amejikata mkono kabla ya kushika jembe.

Gurudumu zima ndilo wenzo bora kupita wote atakaoupata. Pima mwenyewe: kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wa tairi la baiskeli kubwa ni kiasi cha sentimita 35. Kutoka katikati hiyo hiyo hadi penye hesi ni chini kidogo ya sentimita mbili. Maana yake ni kwamba kila kilo moja ya nguvu unayoisukuma penye tairi huwa kama kilo ishirini pale penye hesi. Mama mwenye mikono ya kawaida, akisukuma ukingoni kwa mikono miwili, ana nguvu kuliko mwanamume wa miraba minne anayehangaika na koleo penye friwili. Kwa hiyo hata kama ringi imekunjika na haifai tena, iache na spoku zake mpaka friwili itoke. Tairi pia liache, likiwa na upepo. Litakupa mahali pa kushika na litazikinga pua za ringi zisikukate viganja.

KAZI YENYEWE

Itazame friwili yako kutoka upande wa kulia. Kuzunguka ekseli utaona mapengo yaliyochongwa katika sehemu ya ndani. Baiskeli nyingi za kazi zina mapengo manne; nyingine zina mawili tu; na nyingine, hasa za gia, zina meno mengi madogo kwa ndani. Kila aina ina kifaa chake cha kufungulia, ambacho ni kipande cha chuma kigumu chenye meno ya kuingia sawasawa katika mapengo hayo. Kifaa hicho ni kidogo, huingia mfukoni, na bei yake hailingani kabisa na ya gurudumu. Ningekuwa na la kushauri, ningesema vijana wa kijiji wenye baiskeli kumi au kumi na tano wachangishane wanunue kimoja kiwe cha wote. Panapokosekana, mhunzi au fundi hodari wa chuma aweza kukichonga kwa tupa kutokana na kipande kizuri cha bomba nene. Chuma kikiwa laini meno yake hujikunja, na yakijikunja huyachubua mapengo ya friwili. Ndipo mlango hufungwa.

Siku moja kabla ya kazi, lilaze gurudumu na utie mafuta ya taa penye maungio ya friwili na habu, kwa upande wa nyuma kupitia katikati ya spoku, na kwa mbele pia. Tia jioni, tia tena usiku, tia asubuhi. Mafuta ya taa ni mepesi, hutambaa hata penye nafasi ndogo kuliko unywele. Dizeli hufaa vilevile. Kwa upande wa Kigoma huenda mtu akashawishika kutumia mawese, maana ndiyo yaliyo karibu, asifanye hivyo. Mawese ni matamu katika maharage, lakini ni mazito. Usiku wa baridi huganda, hushika vumbi, na badala ya kupenya hesi huziba njia ya hayo mafuta mepesi.

Jambo la hatari lisemwe hapa hapa. Kuna wanaoipasha friwili moto ili chuma kitanuke na kutu ipasuke. Moto husaidia kidogo pale ambapo habu na friwili zote mbili ni chuma kimoja, kwa kuwa hutanuka pamoja. Tena huunguza grisi ya ndani ya habu na kuliyeyusha tairi. Lakini kubwa kupita yote: gurudumu lililolowa mafuta ya taa usilisogeze karibu na moto, wala jiko la mkaa, wala kibatari. Watoto hupenda kuchungulia kazi ya baba yao.

Asubuhi, fungua nati ya ekseli ya upande wa kulia, uondoe na washa zilizo chini yake. Kama kuna nati nyingine ndani inayozuia kifaa kisifike penye mapengo, iondoe hiyo pia. Ingiza kifaa, hakikisha kimekaa mpaka chini. Sasa rudisha nati ya ekseli juu ya kifaa na uikaze kwa vidole tu. Wengi huliruka jambo hili, nalo ndilo linaloamua ushindi. Pasipo nati hiyo, nguvu ikizidi kifaa huruka nje ya mapengo, na katika kuruka huyavunja.

Ukiwa na jiliwa, yaani lile kamio la chuma la kubania vitu lililofungwa juu ya meza ya fundi, kibane kifaa humo, gurudumu likilala juu kama meza ya duara, friwili ikitazama chini. Shika tairi kwa mikono miwili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kama mshika usukani wa basi. Zungusha kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Usitikise wala kushtua kwanza. Jaza nguvu polepole, ushikilie, uongeze. Mtu wa pili aweza kusukuma upande mmoja nawe upande wa pili.

Pasipo na jiliwa, lisimamishe gurudumu wima, friwili ikikutazama. Weka spana kubwa katika kifaa, mpini wake ukielekea mkono wako wa kushoto, kisha ukandamize mpini kwenda chini. Gurudumu litataka kukimbilia kushoto; kwa hiyo liegemeze na ukuta au shina la mti upande huo, na mtu mwingine alishike. Ikiwa mpini ni mfupi, uvike kipande cha bomba la maji uwe mrefu.

Itakapoachia utajua. Hutoa mlio mkali, kama kijiti kikavu kilichovunjika, na wengi hudhani wamevunja kitu. Hapo simama. Legeza nati ya ekseli mara moja, kwa maana friwili sasa inapanda juu na nati inaizuia. Ukiendelea kusukuma utaziharibu hesi za ekseli au utakivunja kifaa. Legeza kidogo, zungusha kidogo, legeza tena. Baada ya mzunguko mmoja hivi itafunguka kwa mkono.

MAPENGO YAKISHACHUBUKA

Tuseme umechelewa. Fundi aliyetangulia alikwisha kupita na tindo, mapengo hayana tena kona za kushika. Bado ipo njia, ila friwili yenyewe haitapona.

Itazame tena usoni. Utaona duara la kifuniko lenye vitundu viwili vidogo vinavyotazamana. Kifuniko hicho ndicho kinachozuia kila kilichomo ndani, nacho kina hesi za kushoto. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama kutwa nzima: wanakigonga upande wa kawaida wa kufungulia, kumbe wanakikaza. Weka ncha ya msumari mnene wa chuma, au tindo butu, katika kimoja cha vitundu, ugonge kwa nyundo kufuata mwendo wa mishale ya saa. Hamia kitundu cha pili, gonga tena. Kitaachia.

Kabla hujakiondoa, tandika kitambaa au weka sinia chini. Ndani mna gololi nyingi mno, ndogo za kiasi cha milimita tatu, na zote zitamwagika kama mtama kutoka gunia lililotoboka. Zikusanye, fundi yeyote atazipokea kwa shukrani. Duara la meno litainuka lote, vilimi na springi zake vitaonekana, na kitakachobaki juu ya habu ni kiini cha ndani peke yake. Hicho sasa kina mwili wa kushikwa. Kibane katika jiliwa kwa nguvu zote, au kishike kwa spana ya mabomba, ile yenye meno inayouma zaidi kadiri unavyovuta, kisha uzungushe gurudumu kama nilivyoeleza mwanzo. Kiini hiki hufuata hesi ya kawaida. Hesi ya kushoto ilikuwa ya kifuniko tu, na tafadhali usizichanganye hizo mbili.

Wakongwe watakumbuka kwamba njia hii ya pili haikupendwa katika miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipoadimika hata baiskeli mpya, ikiwemo ile ya Swala iliyoundwa hapa nchini na kiwanda cha NABICO, ikawa ni kitu cha kupangiwa orodha. Friwili ilipochakaa ilifunguliwa, ikaoshwa, springi ikachongwa kutokana na waya wowote uliopatikana, ikarudishwa. Ustadi uliokuwapo wakati ule haukuwa mdogo. Siku hizi friwili mpya zinapatikana madukani, na taabu imehama kutoka kwenye kupata mpya hadi kwenye kuitoa ya zamani.

KUFUNGA ILE MPYA

Safisha hesi za habu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka zing'ae. Kama ulikusudia kubadili spoku, huu ndio wakati wake. Badili zote zilizokatika, na zile zenye dalili ya kutu penye shingo. Kisha paka hesi grisi, kote kuzunguka, bila ubahili. Grisi ya magari yatosha. Ukimpelekea fundi kazi hii, simama hapo mpaka uone kwa macho yako grisi ikipakwa, kwa sababu wengi huiruka ili wamalize upesi. Grisi hiyo hailegezi friwili. Cheni itaikaza tu. Inachofanya ni kuzuia maji na kutu kukaa katikati ya hesi, na mtakapohitaji kuifungua tena baada ya miaka sita itaachia kwa mkono mmoja.

Anza kuifunga kwa vidole. Iweke sawa, izungushe kwanza nyuma kidogo mpaka uhisi hesi zimekutana, ndipo uizungushe mbele. Ikigoma katika mzunguko wa kwanza, iondoe na uanze upya. Usiilazimishe kwa spana, maana hesi zikipandana habu imekwisha. Baiskeli chache za zamani zenye asili ya Ufaransa zina hesi tofauti kidogo, za upana wa milimita 34.7 na nafasi ya milimita moja kamili, nazo kwa macho hazitofautiki na za Kiingereza. Friwili ya Kiingereza juu ya habu hiyo haiingii kwa haki. Na baiskeli mpya za gia nyingi, hasa zilizofuata mtindo ulioletwa na Shimano mwaka 1978, hazina friwili ya kufungwa kwa hesi kabisa. Vilimi vimo ndani ya mwili wa habu yenyewe na meno huvikwa kwa nje, kwa hiyo maelezo haya hayazihusu.

Ikishafika mwisho wa vidole, rudisha washa na nati za ekseli. Pachika gurudumu katika fremu, vuta nyuma mpaka cheni ibaki na ulegevu wa kiasi cha nusu inchi ukiibonyeza katikati, kaza nati zote mbili. Panda mwenyewe bila mzigo, ukipande kilima kimoja kifupi ukiwa umesimama juu ya pedeli. Utahisi kama friwili inateleza kidogo mara ya kwanza au ya pili: ndiyo inajikaza. Rudi, utazame tena ulegevu wa cheni na kukaza kwa nati. Ikiwa vyote vimekaa sawa, madumu yaweza kupakiwa.